Ukuta Ndani ya Tumbo la Shija

Vijana wa maabara, mliniaga vizuri. Mlinipa kanga, saa ya ukutani na hotuba ndefu, na katika hotuba zote hizo hakuna aliyetaja utumbo. Sikukasirika. Si neno la kutamkwa mbele ya pilau. Lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha nikikata na kupaka rangi vipande vidogo vya miili ya watu ili daktari avitazame, na vilivyonifundisha kuliko vyote vilikuwa vya utumbo. Kwa hiyo nawaandikia haya, hasa ninyi mliokuta mashine ya kukatia ya umeme mkadhani maabara ilizaliwa nayo.

Nilianza kazi hospitalini Shinyanga miaka michache baada ya Uhuru. Nilitoka kwetu Didia nimevaa viatu vya binamu yangu, ambaye mguu wake ni mdogo kuliko wangu, na ninachokumbuka zaidi kuhusu asubuhi ile ni maumivu ya vidole. Mkuu wa chumba chetu alikuwa Mzee Salumu Kibwana, mzaliwa wa Tabora, baba yake mtu wa pwani na mama yake Mmanyema. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia nyeupe ya kufuma na koti lililopigwa pasi hadi ungedhani lingesimama lenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jina lako?"

"Kabula."

"Kabula, umewahi kuchinja kuku?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulimtazama ndani?"

"Hapana. Nilimpika."

"Basi hukummaliza," alisema, akanipa aproni.

Alinifundishia utumbo wa mbuzi. Kila asubuhi alinituma buchani kuomba kipande cha utumbo mwembamba kabla haujakamuliwa, na muuza nyama, ambaye hakuelewa kamwe tunafanyia nini, aliamini kwamba watu wa maabara wanakunywa supu kazini. Nilikisuuza kile kipande kwa maji ya chumvi, nikakitia kwenye dawa kali ya kukizuia kisioze, kisha nikakipitisha kwenye spiriti ya nguvu mbalimbali mpaka maji yote yatoke, halafu kwenye nta iliyoyeyushwa. Nta ilipoganda, kipande kilikuwa kimefungwa ndani yake kama punje ndani ya mshumaa. Hapo ndipo kazi yenyewe ilianza.

Kisu chetu kilikuwa kizito, na Mzee Salumu alikinoa kwenye mkanda wa ngozi kwa uangalifu ambao vinyozi wa mjini hawakuwa nao. Ulizungusha mkono wa mashine, na kisu kikatoa utepe wa nta mwembamba kiasi kwamba pumzi yako iliupeperusha. Nilijifunza kukata huku nimebana pumzi. Utepe ulielea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ukajikunjua kama utando wa maziwa, nawe ukauchota kwa kipande cha kioo. Mwezi wa Oktoba, joto la Shinyanga likizidi, nta ililegea na kujikunja, tukalazimika kuipoza kwa barafu ya friji la mafuta ya taa. Friji hilo lilikuwa na tabia zake. Siku likikasirika, tulipumzika.

Mwisho zilikuja rangi mbili: moja ya zambarau inayoshika viini vya seli, na nyingine ya waridi inayoshika vilivyobaki. Siku slaidi yangu ya kwanza ilipofaa, Mzee Salumu aligeuza kioo cha hadubini kielekee dirishani kilipate jua, akaniita nitazame.

Niliona vidole. Vidole vingi, virefu, vimesimama pamoja kama watu wamenyoosha mikono juu. Na pembeni mwa kila kidole, kuanzia chini hadi ncha, kulikuwa na mstari mmoja wa seli zilizosimama bega kwa bega.

"Unaona huo mstari?" aliniuliza.

"Naona."

"Ni seli moja tu kwa unene. Kati ya ugali uliokula jana na damu yako, kuna huo tu. Ugali, maji, vijidudu, sumu, vyote viko upande huu. Wewe uko upande ule."

Nilirudi kutazama, na nilikaa muda mrefu hadi akaniambia wengine nao wanataka jua.

Miaka ilikwenda. Nilipata ujuzi, nikapata mume, nikapata watoto, na siku moja nikajikuta mimi ndiye ninayewauliza wageni kama wamewahi kuchinja kuku. Katika miaka ya sabini akaja kwetu daktari wa watoto, Daktari Mshana, mama wa Kipare mwenye sauti ya chini na miwani mikubwa. Alikuwa amesomea nje magonjwa ya matumbo ya watoto. Alirudi na sanduku la vitabu na kifaa kimoja ambacho sisi hatukuwahi kukiona: kidonge cha chuma kidogo kuliko punje ya haragwe, kilichofungwa kwenye mrija mwembamba sana. Mgonjwa alikimeza. Kikishafika kwenye utumbo mwembamba, na picha ya eksirei ikaonyesha kimefika, ulivuta hewa kwa bomba la sindano, na kiwembe kilichomo ndani kikanyofoa kipande kidogo cha ukuta wa utumbo. Mgonjwa hakusikia chochote, kwa sababu ukuta ule hauna hisia ya kukatwa. Kisha mrija ulivutwa taratibu, na kipande kikaletwa kwetu kikiwa na ukubwa wa kichwa cha pini.

"Sikitumii ovyo," alituambia. "Ni kwa mtoto ambaye nimeshindwa kumwelewa kwa njia nyingine, na damu yake iwe inaganda vizuri, na mama yake awe amekubali."

Daktari Mshana alikuwa na desturi ya kuja maabara kutazama slaidi mwenyewe badala ya kusubiri majibu, na akitazama alizungumza. Huko alikosoma alikuwa ameona picha za hadubini kubwa ya elektroni, inayokuza mara nyingi kuliko yetu. Siku moja alitusimamisha mimi na Mzee Salumu bega kwa bega, akatuambia tushikane mikono.

"Seli za utumbo zinashikana hivi," alisema. "Karibu na ncha zake kila moja imejifunga kwa jirani zake pande zote, kama mkanda. Mkanda huo ukikaza, vijidudu havipiti kati yao. Maji na chumvi vinaruhusiwa kidogo, kwa kipimo. Vinavyobaki lazima vipite ndani ya seli yenyewe, kwenye milango yake, na seli ndiyo inayochagua."

"Mkanda wenyewe ni kitu gani?" Mzee Salumu aliuliza, akitazama mkono wake ulioshika wangu kama mtu anayeona haya.

"Tunaamini ni protini. Bado hazijapewa majina. Seli inazitengeneza ndani yake, inazipeleka pembeni, inazifunga na za jirani. Ikibidi inazirudisha ndani, inazivunja na kutengeneza nyingine. Haipumziki. Na seli yenyewe inaishi siku chache tu, halafu inadondoka, na nyingine iliyozaliwa kule chini kwenye vishimo inapanda kushika nafasi yake. Tena inashika kabla pengo halijafunguka."

"Na mtoto mwenye njaa?" niliuliza.

Alivua miwani. "Mtoto asiyepata protini ataujengea nini mkanda huo?"

Wadogo zangu, naambiwa siku hizi baadhi ya protini hizo zimeanza kutambuliwa na kupewa majina. Nimefurahi kama mtu aliyesikia kwamba jirani yake wa zamani hatimaye amesajiliwa.

Sasa nifike kwa Shija.

Alikuwa msichana aliyeanza kutembea kisha akaacha. Wazazi wake walikuwa watu wa Usukumani waliohamia kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita, baba akiingia kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, mama akiponda mawe na kuuza uji. Huko chakula kilikuwa uji wa muhogo asubuhi na ugali wa muhogo jioni. Mtoto alipoharisha na kuvimba miguu, baba alibaki machimboni, mama akamleta kwa bibi yake, mama mzazi wa baba, aliyekuwa akiishi Ibadakuli. Bibi alimpeleka kwa mganga. Kuharisha hakukuisha, na mama mtu akambeba mgongoni akaja naye hospitali bila kumuaga mtu.

Muuguzi wa wodi ya watoto aliniita nikamsaidie kuzungumza, maana Mama Shija alikuwa na Kiswahili kidogo na muuguzi mwenyewe alitoka Songea. Nilimkuta amekaa sakafuni kando ya kitanda kana kwamba kitanda si chake. Mtoto alikuwa na nywele nyekundu nyembamba, ngozi ya mapaja imebanduka, miguu imejaa maji. Ilikuwa kwashakoo, kama tulivyoona nyingi. Lakini uso wake ndio ulionishika. Hakulia. Alitazama mbele tu, kama mtu mzima aliyechoka na maneno.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma, nikimwita mama.

Alinyanyua macho. Aliposikia lugha yake, machozi yalianza kumtoka kabla hajaitikia.

Walimpa mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akapata nafuu kidogo. Kisha wakamwanzishia maziwa ya unga yenye mafuta na sukari, ambayo yalikuwa yameokoa watoto wengi wodini mle. Shija aliyanywa, na kuharisha kukarudi kwa nguvu. Walipunguza maziwa, kukapungua. Wakayarudisha, kukarudi. Daktari Mshana alitafuta minyoo, akatafuta amiba, hakupata cha kutosha kueleza hali ile. Mtoto alikuwa anakonda machoni petu.

Ndipo baba akafika kutoka machimboni, akiwa na mama yake. Baba Shija alikuwa kijana mrefu, mabega mapana, vumbi jekundu bado kwenye nyusi. Alimsalimu kila mtu kwa heshima isipokuwa mkewe. Bibi alisimama miguuni mwa kitanda na kusema kwa sauti ya kusikika wodi nzima:

"Mtoto amebemendwa. Dawa ya hospitali haiwezi kitu hapo. Mwanangu anashinda chini ya ardhi, na huyu huku juu anajua alikokuwa. Mtoto tunamchukua. Yeye arudi kwao."

Msiolijua neno hilo mna bahati. Kubemenda mtoto, kwa imani ya watu wengi huku kwetu, ni mzazi kutoka nje ya ndoa au kukutana kimwili wakati mtoto bado ananyonya, na mtoto akadhoofika kwa ajili hiyo. Lawama huwa haiendi kwa baba. Mama Shija alishika mguu wa mtoto tu, ule uliovimba, na vidole vyake vikaacha vishimo.

Mimi nililijua neno hilo tangu utotoni. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyekufa mwaka wa ukame, ng'ombe walipokwisha na nyumbani tukabaki na michembe, vile viazi vikavu. Alivimba miguu vilevile. Shangazi zangu walimwambia mama yangu neno lile lile, mbele ya watu, kabla ya mazishi. Baba hakumfukuza, lakini hakumtetea. Mama aliishi nalo. Tangu siku ile hakulitamka jina la mtoto yule, nasi tukajifunza kutolitamka.

Kwa hiyo nilipotoka wodini siku hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Mshana. Nilimwambia kwamba mtoto akichukuliwa atafia njiani, na mama yake atakuwa muuaji wake kwa maisha yote.

"Waombe wanipe siku chache," alisema. "Na mwombe mama ruhusa ya kidonge. Mweleze kila kitu, Kabula. Usimfiche hatari."

Nilimweleza Mama Shija kwa Kisukuma, pole pole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkikata hicho kipande," aliuliza, "kitasema kama ni mimi?"

"Kitasema tumbo lake lina nini."

"Basi kateni."

Baba alikubali kwa kuinamisha kichwa. Bibi hakukubali wala kukataa. Alikwenda kukaa nje kwenye benchi na kugeuza mgongo.

Kipande kilipofika maabara, kikielea kwenye maji ya chumvi, Mzee Salumu alikitazama kwa lenzi ya mkono kwa muda mrefu. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu, na macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelisema. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kukilaza kipande kile kwenye nta kikiwa kimesimama sawasawa. Ukikiinamisha kidogo tu, unakata vidole mshazari na unaona uongo.

Alinipa kibanio.

"Kilaze wewe, mwanangu. Macho yangu hayatoshi kwa mtoto huyu."

"Mzee, kikiinama hatuna kingine."

"Utatulia ukishakigusa. Nami niliogopa hivyo hivyo." Akasimama nyuma yangu, akaanza kuvuta uradi wake kwa sauti ndogo, kama alivyofanya siku zote tukiwa na kazi nzito. Nilikilaza. Kilisimama.

Slaidi ilipokuwa tayari, Daktari Mshana aliinama kwenye hadubini. Kisha akanipisha. Vile vidole nilivyovijua havikuwapo. Vilikuwa vimefupika hadi kuwa vifundo, na sehemu nyingine ukuta ulikuwa bapa kabisa. Mstari wa seli, ambao ulipaswa kuwa wa seli ndefu zilizojipanga, ulikuwa wa seli fupi, zimelala ovyo, na kati yao askari wa damu, zile chembe nyeupe, wamejazana.

"Sukari ya maziwa inavunjwa na kimeng'enya kinachokaa kwenye ncha za vidole hivyo," alisema Daktari. "Kimeng'enya nacho ni protini. Hakuna vidole, hakuna kimeng'enya. Maziwa yanapita kama yalivyo na kuvuta maji. Na ukuta umelegea, vijidudu vinachokoza, seli zinazidi kufa. Kabula, nipimie sukari kwenye choo chake."

Kipimo hicho vijana wa leo hamkitumii sana. Unatia choo kidogo kwenye kibomba cha kioo chenye dawa ya buluu, unachemsha. Kama hakuna sukari, hubaki buluu. Ikiwapo, hugeuka kijani, kisha njano, na ikizidi huwa rangi ya tofali. Cha Shija kiligeuka tofali kabla sijamaliza kuhema.

Daktari aliamuru maziwa yasitishwe kwa muda. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea: alimwita Baba Shija maabara.

Alikuja akiinama mlangoni, akasimama katikati ya chumba na mikono nyuma, akiogopa kugusa vioo. Daktari alinitaka nimweleze mimi, kwa lugha yake. Nilimwekea kwanza slaidi ya mbuzi. Alitazama, akasema anaona miti mingi myeusi inapepea.

"Hizo ni kope zako," nilimwambia. "Usisogee sana."

Mzee Salumu alikohoa kuficha kicheko. Kisha kijana akaona. Nilimweleza vidole, nikamweleza mstari, na jinsi seli zinavyoshikana kwa protini zinazotengenezwa kila siku kutokana na chakula. Halafu nikamwekea ya mwanawe. Alitazama muda mrefu sana.

"Hii ndiyo ya Shija?"

"Ndiyo."

"Imeporomoka," alisema. Hakuinua kichwa. "Sisi duarani tunaweka matimba, magogo ya kushikilia udongo. Yakioza usipoyabadilisha, udongo unashuka, maji yanaingia. Haya ya kwake hayakubadilishwa."

"Hayakuwa na cha kubadilishia. Uji wa muhogo una protini kidogo mno."

Alisogea mbali na hadubini. Alijifuta uso kwa kiganja, na vumbi jekundu likajichora shavuni.

"Tunakula muhogo kwa sababu mimi ndiye niliyesema tuhamie kule," alisema. "Mke wangu hakutaka. Alitaka tubaki kwao, kwenye karanga na choroko."

Daktari Mshana alimwambia kitu ambacho nilikitafsiri neno kwa neno. Alisema: hakuna anayeshtakiwa humu ndani. Ukuta huu unajijenga upya. Ukipewa vya kujengea, seli mpya zinaanza kupanda ndani ya siku chache. Tunachohitaji ni mtoto abaki, na mama yake abaki naye, kwa sababu huyu mtoto hali kwa mkono wa mtu mwingine.

Baba Shija alitoka. Nilimfuata kwa nyuma, nikijidanganya kwamba nina kazi upande ule. Bibi alikuwa benchini, kanga imefunika kichwa. Kijana alipiga magoti mbele yake, kama mtoto wa Kisukuma anavyopaswa, na kumwambia kwa sauti ambayo wanawake wote waliokuwa wakisubiri dawa waliisikia:

"Mama, mke wangu hana kosa. Nimeona kwa macho yangu. Mtoto alikuwa na njaa, na njaa hiyo nilimpa mimi."

Bibi alimtazama. "Umeona nini?"

"Nimeona tumbo la mwanangu."

Bibi aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka bila kuaga, na nilidhani tumempoteza. Kesho yake asubuhi alirudi kutoka Ibadakuli na mayai kwenye kikapu na karanga alizozitwanga mwenyewe. Aliweka kikapu sakafuni kando ya mkwewe, akaketi hapo hapo sakafuni, na kuanza kumenya yai.

Shija alilishwa uji mwembamba wa mahindi uliochanganywa na karanga zilizotwangwa laini, mafuta kidogo na yai, na baadaye unga wa dagaa, kijiko baada ya kijiko. Siku za kwanza alikataa. Mama yake alimwimbia, bibi akamkaripia, baba akajifanya anataka kumlia uji wake. Nilipima choo chake kila mara wodi iliponiletea. Tofali likawa njano. Njano ikawa kijani. Tuliporudisha maziwa kidogo kidogo tulirudi nyuma mara moja, tukavunjika moyo, tukaanza tena. Kisha siku moja nilichemsha, nikasubiri, nikachemsha zaidi kuliko inavyotakiwa. Dawa ilibaki buluu.

Nilitoka na kibomba mkononi kupitia uani, jambo lisiloruhusiwa, mpaka wodini. Nilikinyanyua tu dirishani mwanga ukipita.

"Hiyo ni nini?" Mama Shija aliuliza.

"Ni mwanao. Ukuta umesimama."

Alicheka, kisha akaziba mdomo. Shija aliyekuwa mapajani mwake, miguu imekwisha maji hadi ngozi imelegea kama soksi, alimtazama mama yake anavyocheka, akanyoosha mkono kukitaka kile kibomba. Nilikiondoa haraka, mnajua kilikuwa na nini. Alipokikosa, alilia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, mdomo wazi. Muuguzi wa Songea alikuja mbio akidhani kuna jambo baya, akatukuta sote tunatabasamu.

Hawakurudi machimboni. Walikwenda kwao Mama Shija, kwenye karanga na choroko, na baba akalima. Alisema udongo wa juu nao una kazi yake. Mzee Salumu alistaafu baada ya mavuno ya mwaka ule, na Daktari Mshana akahamishwa miaka michache baadaye. Kidonge cha chuma kiliharibika springi, hakikupata fundi. Nilibaki na hadubini, na slaidi nyingi sana nilizozikata baadaye, za watu ambao wengi wao sikuwahi kuwaona. Nilijaribu kuzikata zote kama vile mama zao wamesimama nyuma yangu. Nawaomba nanyi mfanye hivyo. Mashine ya umeme haizuii.

Nimebakisha jambo moja, lililotokea wiki chache baada ya Shija kutoka hospitali. Nilichukua ruhusa ya siku moja nikaenda Didia. Nilimkuta mama yangu anachambua mtama uani. Nilisalimia, nikakaa, nikaanza kumsaidia kuchambua. Nikamweleza kuhusu mtoto wa machimboni, na vidole vya utumbo, na ule mstari wa seli, na jinsi zinavyoshikana, na zinavyoachana chakula kikikosa protini. Kwa Kisukuma mambo hayo huchukua muda mrefu. Sikumtaja mdogo wangu. Sikuhitaji.

Mama hakuinua macho kwenye ungo. Vidole vyake viliendelea kuchambua.

"Na mama yake?" aliuliza mwishowe. "Hakuwa amefanya kitu?"

"Hakuwa amefanya kitu, mayu."

"Na daktari alisema hivyo?"

"Daktari alisema hivyo. Na mimi mwenyewe niliona."

Aliupepeta mtama mara moja. Makapi yakaruka. Kuku wakasogea karibu kabisa na miguu yake, na yeye hakuwafukuza.

"Machibya," alisema.

Sikuwa nimelisikia jina hilo ndani ya ua ule tangu nikiwa msichana.

"Machibya alikuwa na kicheko kibaya," alisema mama. "Kama mbuzi. Baba yako alikuwa akisikia anatoka nje kutazama kama mbuzi wameingia shambani." Na akakiigiza kile kicheko, mwanamke mzima mwenye mvi, kichwa nyuma, hadi jirani akachungulia juu ya ua. Kisha akanieleza jinsi Machibya alivyoogopa mvua, jinsi alivyokataa kulala bila kumshika mama sikio, na wimbo aliokuwa akimwimbia. Aliendelea kuzungumza jua likiwa utosini, akaendelea jua lilipoinama. Nilisikia basi la kurudi mjini likipiga honi barabarani. Sikuinuka.